Nyumba Yenye Uhai: Tuliyojifunza katika Nyumba za Wabali

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya maadhimisho)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya nyumba na ibada. Sisi si wasomi. Elimu yetu iliishia sekondari, na kwa miaka arobaini tumesimama nyuma ya kaunta tukiuza saruji, nondo, mabati na vigae. Kwa hiyo, katika habari za nyumba, tunaijua zaidi bei yake kuliko maana yake. Tumechagua kusema kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukusanya sote tuliomo humu, wakiwemo wajukuu wetu, ambao Kigujarati chao kimebaki cha kuombea chai.

Tutazungumzia nyumba za jadi za kisiwa cha Bali. Huenda mtu akauliza: sisi na Bali wapi na wapi? Bali ni kisiwa cha Indonesia kisichofika kilomita za mraba 6,000. Pwani yake ya kusini hupigwa na mawimbi ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile iliyowaleta babu zetu kwa majahazi. Katika nchi ambayo wananchi wake walio wengi ni Waislamu, kisiwa hicho kina watu zaidi ya milioni nne, na zaidi ya wanane katika kila kumi ni Wahindu. Dini yetu ilifika huko zamani sana, ikazidi kupata nguvu katika karne ya 14, wakati dola ya Majapahit ya Java ilipokitawala kisiwa. Wabali husalimiana kwa kusema "Om Swastiastu". Neno hilo ni ndugu wa swastika tunayoichora katika ukurasa wa kwanza wa daftari la hesabu siku ya Diwali. Kwa hiyo tunazungumza juu ya ndugu wa mbali, waliochukua urithi ule ule wakaujengea namna nyingine.

Mwaka 2018 biashara ya mbao na vigae ilitufikisha Indonesia, nasi tukavuka hadi Bali pamoja na mama wa watoto wetu. Dereva aliyetuchukua, aliposikia kwamba sisi ni Wahindu kutoka Afrika, alikataa katakata tule hotelini. Alitupeleka kwao, katika kijiji cha wilaya ya Gianyar, kwa baba yake mzee. Mengi tutakayosema tuliyaona kwa macho yetu katika ua wa mzee huyo, na mengine tuliyasoma tuliporudi, kwa kuwa ule ua haukutuacha.

Mtu asimamaye barabarani haioni nyumba ya Kibali. Huona ukuta, na katika ukuta lango jembamba lenye paa lake dogo, liitwalo angkul-angkul. Akipita langoni hukutana na ukuta mwingine mfupi, aling-aling, uliosimama mbele yake kama mlinzi, hata imlazimu apite kando ndipo aingie. Wabali husema pepo wabaya huenda moja kwa moja wala hawajui kukata kona. Wakigonga ukuta huo hurudi walikotoka. Mwenyeji wetu alicheka alipotueleza, akaongeza kwamba ukuta huo huwazuia pia majirani wadadisi. Tulikumbuka methali ya hapa kwetu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ndani tulitafuta nyumba, tusiione. Tuliona uwanja uliofagiwa vizuri, uitwao natah, na kuuzunguka majengo madogo kadhaa, kila moja juu ya jukwaa lake, mengine yakiwa na nguzo na paa tu. Majengo hayo huitwa bale. Kumbe nyumba ya Kibali si jengo lenye vyumba. Ni ua wenye majengo, na sebule yake iko wazi kwa mbingu.

Hakuna kilichowekwa ovyo. Sisi huhesabu kaskazini na kusini. Wabali huhesabu kaja, upande wa mlimani, na kelod, upande wa baharini. Mlima mkuu ni Gunung Agung, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, nao huheshimiwa kuwa makao ya miungu. Kwa aishiye kusini mwa kisiwa, kaja ni kaskazini. Kwa aishiye Singaraja, ng'ambo ya pili ya milima, kaja ni kusini. Dira peke yake haisaidii. Ni lazima ujue mlima uko wapi. Tena upo mashariki, kangin, jua linakochomoza, na magharibi, kauh, linakozama. Pembe inayounganisha mlima na mawio ndiyo takatifu kuliko zote, na humo huwekwa hekalu la familia, liitwalo sanggah, au merajan kwa koo za kiungwana. Pembe ya baharini na machweo ndiyo ya chini. Huko huwekwa mifugo na takataka. Wazee wetu nao hutuambia chumba cha puja kiwe pembe ya ishan, kaskazini mashariki.

Wabali huufananisha ua huo na mwili wa mtu. Hekalu ni kichwa, uwanja wa katikati ni kitovu, jiko na ghala ni miguu. Upande wa mlimani husimama bale daja, yenye kuta na mlango, wanamolala wakuu wa nyumba au mabinti, na vinamohifadhiwa vitu vya thamani. Upande wa mashariki ipo bale dangin, jengo la ibada za maisha: humo vijana husawazishwa meno wanapofikia utu uzima, humo arusi hufanyika, na humo maiti hulazwa kabla ya kupelekwa kuchomwa. Upande wa magharibi ipo bale dauh, ya wageni na vijana wa kiume. Upande wa baharini lipo jiko, paon, na karibu yake ghala ya mpunga. Mwenyeji wetu alitukalisha kwenye jukwaa la bale dangin, akasema, "Hapa ndipo alipolazwa baba yangu, nami nitalazwa hapa." Alisema hivyo huku akitusogezea kahawa, kama mtu anayeonyesha mahali pa kuwekea kofia.

Tuliuliza habari za vipimo, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Fundi mkuu wa jadi, undagi, hufuata maandiko yaitwayo Asta Kosala Kosali, yaliyoandikwa juu ya majani ya mvumo. Hapimi kwa futikamba. Hupima kwa mwili wa mwenye nyumba: mikono miwili iliyonyooshwa huku na huku, depa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, hasta, ngumi yenye dole gumba lililosimama, musti. Wazee wa pwani wataelewa mara moja. Depa ni pima yetu, na hasta ni dhiraa, vipimo ambavyo babu zetu na wateja wao walipimia nguo kabla ya mita kuingia madukani. Na hasta ni neno lile lile la Kisanskrit ambalo Wagujarati tunalitamka hath.

Nafasi kati ya ukuta na jengo hupimwa kwa nyayo za mwenye nyumba, zikihesabiwa kwa mzunguko wa majina manane, miongoni mwake Sri, Indra, Guru, Yama, Brahma na Uma, ili wayo wa mwisho uangukie jina linalolifaa jengo hilo. Kisha huongezwa wayo mmoja wa kukingama. Kipande hicho kidogo kinachozidi hesabu huitwa urip, maana yake uhai. Sisi wafanyabiashara, kipande kinachozidi hukikata. Wao hukiongeza makusudi, kwa sababu kipimo kilichofungwa kabisa hakina mahali pa kupumulia.

Nguzo husimamishwa kama mti ulivyoota, upande wa shina chini na upande wa kilele juu. Kuipindua ni kosa. Na jengo likiisha, bado halijawa nyumba. Mbao zilikatwa, mawe yalichimbwa, nyasi zilifyekwa. Vyote hivyo, kwa fikira zao, vimeuawa. Ibada iitwayo melaspas huvitakasa na kuvirudishia uhai. Tangu siku hiyo nyumba huhesabiwa kuwa kiumbe miongoni mwa viumbe wengine wa ua.

Mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huoshwa, huwekwa ndani ya nazi, na kuzikwa karibu na mlango wa jengo la kulala: la mtoto wa kiume kuliani, la wa kike kushotoni. Wabali husema ni ndugu wa mtoto, naye humlinda popote aendapo. Kijana wa Kibali anaweza kufanya kazi hotelini au katika meli ya watalii, bali nduguye yuko nyumbani, ardhini, anamngojea. Mtu akifa na kuchomwa, na ibada za kuitakasa roho yake zikitimia, hualikwa kurudi katika hekalu la familia. Humo mna kijihekalu chenye vyumba vitatu, cha Brahma, Vishnu na Shiva, na humo wazazi waliotangulia hupata makao. Kila baada ya siku 210 huja sikukuu ya Galungan. Mianzi mirefu iliyopambwa huinamishwa juu ya barabara mbele ya kila lango, na mababu huja kuwatembelea watoto wao. Ndiyo maana walioko mijini hujitahidi kurudi: mwenye nyumba hawezi kukosekana siku wageni hao wanapofika.

Na kila siku, chakula kikiisha kupikwa, kabla mtu yeyote hajaonja, punje chache za wali huwekwa juu ya vipande vya majani ya mgomba na kupelekwa jikoni, kisimani, langoni na hekaluni. Mama wa watoto wetu alipoona hivyo, macho yalimlenga machozi. Alimkumbuka marehemu mama yetu, ambaye chapati yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa ya ng'ombe, si ya mtu.

Tusiwapambe Wabali kupita kiasi. Nyumba hizo zina uzito wake. Gharama za sherehe huwaelemea wengi. Urithi hufuata upande wa wanaume. Binti akiolewa huyaaga mababu wa hekalu la kwao na kuingia katika hekalu la mumewe, na kwa kawaida harithi ua. Wasio na mwana wa kiume wanaweza kumpa binti nafasi ya mwana, naye mumewe akahamia kwao, ila si kila familia hukubali kumtoa kijana wake hivyo. Pia siku hizi ua umebanwa: pikipiki zimejaa uwanjani, sehemu ya mbele imegeuzwa duka au vyumba vya watalii, na bale za nguzo zimezibwa kwa matofali. Hata hivyo sanggah iko pale pale katika pembe yake. Tena mara nyingi kiwanja chenyewe si mali ya mtu mmoja. Ni ardhi ya kijiji cha desturi, na familia hukikalia kwa sharti la kukitumikia kijiji na mahekalu yake. Tulipomuuliza mwenyeji wetu ua wake una thamani gani, hakuelewa swali. Mwanawe alilitafsiri mara mbili. Hatimaye mzee alijibu, "Mimi ni wa ua huu." Sisi tulikuwa tumeuliza ua ni wa nani, na kwa bei gani.

Kisha yeye akatuuliza: "Nyumba yenu inatazama wapi?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Sisi huishi katika ghorofa ya nne, na madirisha yetu yanatazama tangi la maji la jirani. Tukamweleza juu ya nyumba yetu ya zamani, ile iliyokuwa karibu na soko, ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Mlango wake ulitazama mashariki. Mbele lilikuwa duka, nyuma uani, na katikati ya ua mtulsi ambao mama yetu aliuzunguka kila asubuhi na chombo cha maji mkononi. Barazani ndani ilining'inia pembea ya mbao, hichko, ambayo baba yetu alikaa jioni akisoma barua za Jamnagar, na ambayo sisi ndugu wote tulibembelezewa. Mzee alisikiliza, akaridhika. Akauliza tena: "Na sasa nani anaweka sadaka pale?"

Tulinyamaza. Nyumba ile tuliiuza. Sisi ndugu watatu tulikubaliana kwa simu katika siku mbili, mmoja akiwa Leicester, mmoja Toronto, na sisi tuliobaki hapa. Bei ilikuwa nzuri, paa lilikuwa linavuja, watoto hawakuitaka. Hatusemi kwamba tulikosea kuiuza. Katika hali ile huenda tungeiuza hata leo. Ila tulihesabu fedha, tukakabidhi funguo, tukasahau kuaga. Pembea iliuzwa pamoja na nyumba kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifungua minyororo. Mtulsi ulibaki uani. Miungu tuliifunga katika gazeti, tukaiweka ndani ya kabati jikoni, juu ya jokofu, kwa muda. Na muda huo ulifika miaka tisa. Mama yetu alihamia nasi ghorofani. Kila asubuhi aliamka na chombo chake cha maji, akasimama katikati ya sebule, akigeuka huku na huku. Tulidhani ni uzee. Katika ua wa Gianyar ndipo tulipofahamu kwamba alikuwa akitafuta mashariki.

Mama alikwisha kututoka wakati huo. Hatukuweza kumrudishia chochote.

Tuliporudi tuliwaita ndugu zetu, nao wakaja, siku ya kumbukumbu ya mama. Mahali pa nyumba yetu pamesimama jengo la ghorofa nne, chini maduka ya simu. Tulimwomba mmiliki ruhusa, naye kwa wema wake akatukubalia. Alfajiri, kabla ya maduka kufunguliwa, sisi wazee watatu tulisimama pale ulipokuwa mlango wetu, tukawasha taa moja ya samli, tukaweka maua na wali kidogo. Mlinzi alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Wazee, mmepoteza nini?" Tukamwambia tumekuja kuaga nyumba yetu. Hakuuliza zaidi. Alisogeza kiti chake pembeni, akavua kofia, akatukinga upepo kwa mgongo wake mpaka taa ikakaa sawa. Siku hiyo hiyo tuliiondoa miungu juu ya jokofu. Tulimwita seremala, tukaipa chumba cha wageni, katika pembe ya ishan. Wageni sasa hulala sebuleni, na hakuna aliyelalamika.

Ndugu zetu, tulilojifunza kwa Wabali ni moja. Nyumba ni pale ambapo kila mmoja amepewa mahali pake: Mungu, waliotangulia, walio hai, mgeni, hata mnyama. Wabali wamepata baraka ya kuwa na ua wa kuyaandika hayo ardhini. Wengi wetu hatuna ua tena, nasi hatuwezi kuwaamrisha watoto wetu walioko ng'ambo wajenge sanggah. Lakini mahali panaweza kutolewa hata katika vyumba viwili vya kupanga, iwapo mwenye vyumba ataanza kwa kuuliza mashariki iko wapi kabla hajauliza televisheni itakaa wapi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili, kama wazee wanaowaomba wadogo zao. Wenye nyumba za wazee ambazo hazijauzwa, keteni pamoja ndani yake walau siku moja kabla ya kutia sahihi, msiamue kwa simu. Na ikibidi kuuza, basi iageni. Binti wa Kibali anapoolewa huwaaga mababu zake kwa ibada, kwa kuwa kuondoka bila kuaga ni kuwaacha wenyeji wakikungojea. Washeni taa, fungueni pembea, chukueni kipande cha mtulsi mkaupande katika kopo. Gharama yake haizidi shilingi za maua.

Mwisho, tutazame ukumbi huu tuliomo. Waliojenga hekalu hili waliishi nyuma ya maduka yao, katika vyumba vilivyojaa magunia, watoto sita katika kitanda kimoja. Walimpa Mungu nafasi kubwa kuliko waliyojipa wenyewe. Leo ambapo nyua zetu zimekwisha, huu ndio ua uliobaki wa sisi sote. Wanaotuuliza nyumba yetu inatazama wapi, tuwalete hapa. Na tuje mara kwa mara, ili waliotangulia wasikute mahali pamefagiliwa na wenyeji hawapo.

Wabali hufunga maneno yao kwa dua ambayo nasi tunaijua tangu utotoni, wala haihitaji tafsiri.

Om shanti, shanti, shanti.